Ekseli ya Shaba

Enzi zetu hapa Kolwezi, hakuna lori la kuchezea la waya lililoshindana kabla ya kufanyiwa kikao. Ninyi mliokulia katika kambi za wafanyakazi wa mgodi mnakumbuka: king'ora cha alasiri kikilia na baba zetu wakirudi na vumbi kwenye nyusi, sisi tulikwisha kumaliza bukari, ugali wetu, na matembele, tumechuchumaa nyuma ya shule tukichora njia ya mashindano mchangani kwa kijiti. Nani atasukuma, nani atatangulia kuondoa vikwazo, wapi pa kupunguza mwendo. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulizunguka katika kopo moja, na aliyelishika kopo ndiye aliyekuwa na haki ya kusema. Mama alituona kwa mbali, akapaza sauti: "Na mavumbi ile yote, utalala inje na mutuka yako!"

Sheria ilikuwa moja. Lori lipande mlima wa udongo mwekundu likiwa na mawe manane ya kijani, yale mazito yenye madini, bila kuangusha hata moja.

Lori letu lilitengenezwa na Mujinga, binti wa fundi aliyesuka nyaya za mota mgodini. Sisi wavulana tulimkubali kwa sharti: lori likiwashinda wale wa ng'ambo ya reli, atalisukuma mwenyewe katika shindano lijalo, likishindwa, arudi pembeni kutazama. Nahodha nilikuwa mimi, na sharti hilo nililitamka mimi, kwa majivuno yote ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Katika kikao cha mwisho, Mujinga alilishika kopo.

"Mi nabaambia, ekseli ya mukuba itapinda. Mawe iko mazito. Tutie chuma ya kinga," alisema, akituonyesha spoku ya baiskeli aliyokuja nayo ichukue nafasi ya ekseli ya shaba.

Kasongo, msukumaji wetu, akacheka. "Weye mwana-muke, unataka tuende na kutu?"

Nami nikampokonya Mujinga kopo kabla hajamaliza. "Siye ni batoto ba mukuba! Mukuba inatukulisha, itatuangusha namna gani?"

Nadhani ni watoto wa hapa tu wangeweza kukosea hivyo. Shaba ilitujengea nyumba, ilitulipia shule, ilitununulia viatu vya Krismasi. Haikutupitia akilini kwamba kuna kazi ambayo shaba haiiwezi. Tuliisugua ekseli kwa majivu na ndimu hadi ikang'aa.

Katikati ya mlima ilipinda taratibu, bila hata sauti. Mawe yakaporomoka. Wale wa ng'ambo wakatupigia miluzi: "Mukuba inasinzia! Muitandikie kitanda!"

Kasongo akamnyooshea Mujinga kidole. "Lori ni yake." Wote wakanigeukia. Nilijua ile ekseli iliamuliwa na nani. Nikainama kuokota mawe.

Mujinga aliliokota lori lake. "Mulifanya kikao muzuri, bakubwa," alisema, akaenda zake. Hakucheza nasi tena. Baba yake alipostaafu, familia yao ilihamia Dilolo, nami sikuwa nimemwambia neno.

Leo mimi ni mwalimu, na nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Jumamosi iliyopita niliandamana na timu ya roboti ya shule yetu. Vijana safi, soksi nyeupe, maji ya chupa. Hawawezi kuamua waketi wapi bila kuiuliza tableti. Kabla ya mechi ya mwisho walikaa kupanga: roboti yetu iokote pete za plastiki, au ilinde eneo ili roboti ya shule mshirika iokote?

"Mukono yetu inachelewa," alisema Ruth, msichana aliyeuunda mkono wa roboti. "Tubaachie benzetu kuokota, siye tulinde."

Trésor, nahodha, hakuinua macho. "Attends, ngoja, Ruth. Tableti inasema tuokote."

Nilisimama. Hotuba ninayoibeba tangu utotoni, ya Mujinga na spoku yake, ilikuwa tayari mdomoni. Lakini kabla sijaifungua, Trésor aliilaza tableti chini.

"Basi eleza. Uko na dakika mbili."

Ruth alieleza. Wakakubali kulinda. Wakashindwa, tena vibaya.

Nilisubiri kidole kinyooshwe. Mmoja alinung'unika, "Mupango ya Ruth, ile!"

"Ilikuwa ya siye wote," Trésor akamkata. "Ruth, beba mukono, mi nabeba betri. Kesho kutwa tunaanza tena, na weye ndiye utaendesha."

Wakatoka wakibishana juu ya skrubu. Nilibaki kwenye benchi, mzee mwenye hotuba isiyohitajika.

Kila wiki mimi huwaambia wanafunzi hawa kwamba enzi zetu, pamoja na vumbi na umaskini wetu, tulijua kufanya mambo kwa pamoja. Jumamosi ile, ndani ya basi la kurudi, sikuwaambia.