Mkuki Chini ya Samaki

Mwanafunzi wa fizikia alirudi kwao Nchelenge, kando ya ziwa, likizo ya 1957, penseli sikioni, wino vidoleni. Kila asubuhi alitumbukiza fimbo ziwani na kuitazama ilivyoonekana imepinda.

"Tata, juu ya nini unachomaka mukuki chini ya samaki?" alimuuliza mzee Sampa, mvuvi wa mkuki, akimwita baba kwa heshima.

Wavuvi wakacheka. Mzee akadhani anachezewa.

"Ni ile njo banakufundisha ku iniversite? Fimbo ya kupinda itakupa kazi gani?"

"Ya kufundisha, tata. Kitabu inasema maji inapinda mwangaza, samaki inaonekana juu kuliko fasi iko. Weye ulijua bila kitabu. Nilitaka kuandika namna ulijua."

Kijana akafunga daftari lake polepole, akaomba radhi, akaondoka.

Aibu ikampanda mzee. Tangu mkewe azikwe hakuna aliyemuuliza neno, na huyu mmoja aliyeuliza, amemfukuza mbele ya watu.