Dobi, Mbwa Wake na Shemeji Mjuaji

Dobi alikuwa mwanamke asiyependa maneno, na shemeji yake alikuwa maneno matupu. Mdogo huyu wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa, hakuwahi kumaliza kazi hata moja aliyoianza, lakini hakukuwa na jambo lililomshinda kueleza. Pasi ikiharibika, anaeleza. Mtu akikohoa, anaeleza. Dobi alimwacha aseme huku yeye akinyoosha kola za mashati ya wateja. Mvuke wa pasi, alijisemea, angalau una faida.

Mchana mmoja mbwa wao, jike kubwa lenye kifua kipana, alifakamia chakula chote kisha akamkimbiza paka uani. Haikupita saa moja, akawa hatulii. Analala, anainuka, anageuza shingo kuutazama ubavu wake. Akainama kutapika, mara ya kwanza, ya pili, ya nne, mwili mzima umekakamaa, lakini hakikutoka kitu ila mate mazito yaliyoning'inia.

"Gesi tu hiyo, shemeji," Profesa akasema bila kuinuka kitini. "Mnyweshe mafuta ya kula, alale. Mimi mbwa nawajua."

"Unawajua tangu lini? Huyu tu hujawahi kumpa maji."

"Basi subiri hadi kesho asubuhi. Akizidiwa ndipo..."

Dobi akazima pasi. Akapiga magoti, akaligusa tumbo. Lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Akauinua mdomo wa juu: fizi ambazo kila siku zilikuwa na rangi nzuri ya damu, sasa zimepauka. Udaktari hakuusomea, ila macho alikuwa nayo, na yalimwambia kuwa huyu hafiki kesho.

Akampigia simu daktari wa mifugo.

"Akitapika, kinatoka kitu?" daktari akauliza.

"Hakitoki. Na tumbo limejaa ghafla."

"Usimpe chochote mdomoni, hata maji. Mlete sasa hivi."

Akamwaga nguo safi kitandani, akamlaza mbwa kwenye toroli la kusambazia mizigo ya wateja. Profesa alikuwa amesimama katikati ya mlango, bado anatoa darasa la gesi.

"Kama husukumi, pisha," Dobi akamwambia.

Akapisha. Dobi akasukuma peke yake mitaa mitatu, jasho likimtiririka, akimwita mbwa jina lake njia nzima ili asifumbe macho.

Tumbo lilikuwa limejisokota. Daktari alimpasua jioni ileile, akatoka akivua glavu. "Ungechelewa saa mbili tu, ningekuwa nakupa pole." Hapo ndipo Dobi alipokaa benchini kwanza.

Wiki iliyofuata, mbwa akitembea polepole na nyuzi zake tumboni, Dobi alimsikia Profesa akiwasimulia majirani: "Nilipomwona tu, nikawaambia, jamani, hili tumbo si la kawaida!"

Majirani wakamgeukia Dobi. Aliingia ndani, akatoka na beseni lenye mashati ya Profesa, yale aliyokuwa akimfulia bure miaka yote, akalitua miguuni pake.

"Na kufua nako unakujua," akasema.

Mtaa ukapata la kutazama. Kufika saa kumi, shati jeupe lilikuwa limegeuka samawati, na Profesa alikuwa akieleza kwa nini.