Vitu vya Watu Ndani ya Vikapu vya Tanga

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeniamsha leo na viungo vizima, akanipa riziki ya halali katika mji wa ugenini, na akanisitiria makosa ambayo lau angeyafunua yote nisingeweza kusimama mbele ya watu. Kosa moja katika hayo nalifunua mwenyewe, kwa kuwa naona lina faida kwako.

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2017, mwanangu, nilipopigiwa simu asubuhi kwamba mzigo wangu wa vikapu kutoka Tanga umefika katika bohari ya forodha hapa Johannesburg. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajipaka mafuta mazuri, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, ndevu zimeshaingia mvi, lakini katika kazi ya kuleta bidhaa nchini nilikuwa mtoto wa jana. Usidhani ujana ni wa miaka tu. Mtu anaweza kuwa mzee msikitini na kijana sokoni.

Acha nikueleze kwanza vikapu vile vilikuwa vya nani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Tanga kabla sijaja huku. Hapa Malvern nilikuwa nikiuza makubadhi kando ya Jules Street, na alasiri nikiwasomesha watoto. Kule nyumbani alikuwepo Bi Mwanahamisi, rafiki wa marehemu mama yangu. Yeye na kina mama wenzake, upande wa Pangani, walisuka vikapu vya miyaa, yale majani ya ukindu yanayokatwa porini, yakaanikwa na kutiwa rangi. Miaka mingi vikapu vyao vilinunuliwa na wachuuzi wapita njia kwa bei ya kuwahurumia. Baadhi vilifika mpaka huku Afrika Kusini, na mpakani vikatozwa ushuru wote, basi dukani vikawa ghali na havinunuliki.

Aliyenifumbua macho ni Papa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi anayekaa Troyeville, mlokole asiyekosa ibada, kazi yake ni kuwatolea watu mizigo forodhani. Alikuja kununua makubadhi, akakiona kikapu nilichowekea chenji.

"Mwalimu, hii kikapu inatoka Tanzania?"

"Inatoka kwetu kabisa."

"Basi juu ya nini munailipia ushuru? Inchi zetu zilisikilizana zamani. Kitu cha kwenu kikiingia huku na karatasi yake, ushuru hakuna. Batu banasahau kuomba karatasi tu!"

Karatasi aliyoisema ni cheti cha asili ya bidhaa. Ni ushahidi kwamba kitu kimetengenezwa katika nchi fulani, kwa mali ya nchi ile, hakikununuliwa mbali kikapitishwa tu. Nchi za ukanda huu zimepatana kwamba chenye cheti hicho kipite bila ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za kawaida zinabaki. Mlango ulikuwa wazi miaka yote, na kina mama wa Pangani hawakujua kama upo.

Bi Mwanahamisi alipoelezwa hakungoja. Alikwenda mjini, akarudi na bwana wa vyeti, akampeleka mpaka porini kumwonyesha miyaa inapokatwa, kisha barazani kumwonyesha inavyosukwa, kisha kwa fundi wa Handeni anayetengeneza mikono ya ngozi. Cheti kikatoka kwa jina la kikundi chao. Huku nikampata Mama Thandeka, mwenye duka la vitu vya nyumbani Rosebank. Alivipenda vikapu, akasema kwa bei ile isiyo na ushuru atavichukua kila baada ya miezi mitatu, mradi vifike kwa wakati. Kwa kina mama wale hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mnunuzi anayejulikana jina.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Wewe unatujua sisi. Kwetu mzigo hausafiri peke yake. Ukisikika unakwenda, watu wanakuja na vyao. Habari zilipoenea Malvern kwamba mwalimu analeta gari la vikapu, jamaa wakamiminika kibandani. Wa kwanza alikuwa Kassim, kijana wa Tanga anayeuza simu hatua chache kutoka kwangu.

"Ticha, vikapu si vitupu ndani? Yaani hewa ndiyo inasafiri bure kutoka Tanga mpaka Joburg? Nitamwambia dada yangu kule Tanga akuwekee vitu vyangu viwili vitatu, bwana. Hata havitaonekana."

Nikacheka, nikakubali. Baada yake akaja mwingine, halafu mwingine. Nilijisikia vizuri, mwanangu, sikufichi. Kuombwa kunampa mtu cheo. Nikampigia Bi Mwanahamisi, nikamwambia watu watakuja na vifurushi vyao, wavipokee, wavitie ndani ya vikapu, wafunge.

"Saidi," akasema, "vitu hivi si vyetu."

"Ni hisani tu, mama. Watu wanatumiana zawadi."

Akanyamaza. Nami huku nikatia sahihi tamko la forodha kwamba mzigo wote ni vikapu vya kikundi kile, wala hakuna kingine. Sikuona kwamba ni uongo. Nilivihesabu vitu vya watu kuwa si mzigo, ni salamu.

Basi ndiyo siku ile niliyoivalia kanzu. Katika bohari, afisa wa forodha, dada mmoja mwenye glavu za buluu na uso mpole, alikuwa amefungua robota la kwanza. Alitia mkono ndani ya kikapu, akatoa chupa ya chai. Cha pili kilitoa madera mawili yenye nembo ya kiwanda cha mbali. Cha tatu viatu vya mtoto, cha nne sufuria na mfuniko wake.

"Baba," akaniuliza, "vikapu vyako vina mimba?"

Wapagazi walicheka. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Akainyanyua sufuria juu. "Na hii nayo kina mama wameisuka?"

Kisha mzaha ukaisha. Akanipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike ni nani aliyetia vitu vile. "Kama ni waliotuma, basi cheti chao kimesema uongo. Nitaandika kwamba hakiaminiki, na mizigo yao haitapita bila ushuru mpaka wachunguzwe. Hiyo inaweza kuchukua muda mrefu."

Nikatoka nje kumpigia Kassim, maana nilitaka kusikia sauti ya mtu wa nyumbani. Nilisikia niliyostahili.

"Ticha, kana! Sema hujui kitu. Wamefunga wao, si wewe. Wako mbali, nani atawafuata kule?"

Papa Ilunga, aliyekuja nami kunitolea mzigo, alikuwa kando yangu, akasikia kila neno. Hakunishauri. Alisema tu, "Mwalimu, ni wewe utaandika. Mimi niko natazama."

Nilirudi ndani, nikakaa na kalamu. Ukweli nausema: kwa muda fulani maneno ya Kassim yalinikaa vizuri. Nilijiambia kwamba ni kweli wamefunga wao, mikono yangu haikugusa. Kisha nikamfikiria Bi Mwanahamisi, mzee wa miaka sabini na kitu, akimwongoza bwana wa vyeti porini, hatua kwa hatua. Nikafikiria pia watoto wangu wa chuo, niliokuwa nikiwafundisha kwamba ushahidi ni dhamana shingoni mwa mtu. Nikaandika: ni mimi niliyeagiza vitiwe, aliyetuma alinionya, sahihi ni yangu.

Papa Ilunga aliisoma, akavuta pumzi. "Eh, Mwalimu. Umejichoma mwenyewe. Lakini Mungu ameona."

Yule afisa alivitoza vitu vya watu ushuru na faini, vyote juu yangu, na jina langu likaandikwa miongoni mwa wale ambao mizigo yao haina budi kufunguliwa. Kuhusu vikapu, alisema vitakaa palepale mpaka Tanga wathibitishe kwa barua kwamba ni vya kina mama kweli. Sikuweza kulalamika. Alinitendea haki.

Siku hiyohiyo nikampigia Bi Mwanahamisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Saidi. Vikapu vimefika?"

Nikamweleza yote.

"Saidi mwanangu," akasema, "ulipotaka kumkirimu Kassim, si ungempa kilicho chako? Ungempa makubadhi. Ungempa chakula. Wewe ulimpa jina letu. Jina hilo nimelitafuta kwa miguu hii mibovu, nikamwonyesha yule bwana jani baada ya jani. Umelitia ndani ya kikapu pamoja na sufuria."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini hisani usinitajie tena mpaka ujue inatoka mfukoni mwa nani. Na mimi pia nina langu. Niliona si sawa, nikanyamaza kwa sababu wewe ni mwalimu. Sitanyamaza tena mbele ya mwalimu wala mbele ya sheikh."

Nimesoma kwa mashekhe wengi, mwanangu. Darasa lile la simu sijapata kulisahau.

Nikaenda Rosebank kumwambia Mama Thandeka kwa nini vikapu havijafika. Ningeweza kusingizia lori limeharibika, lakini nilikuwa nimechoka na uongo mdogo mdogo. Nilipofika kwenye habari ya sufuria alicheka mpaka akashika meza. Kisha akawa mfanyabiashara. "Eish, Baba. Nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitaagiza kwingine."

Zikawa wiki za kusubiri. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, nikaomba, na nikawa napita kwa Papa Ilunga kuuliza barua. Kule Pangani bwana wa vyeti alirudi, safari hii na mwenzake, wakakaa barazani siku nzima wakiwatazama kina mama wakisuka kuanzia jani mpaka mkono wa ngozi. Bi Mwanahamisi aliniambia baadaye kwamba aliwapa na wao miyaa wajaribu, ili wasirudi wamekaa bure, na ukili, ule utepe wa miyaa aliousuka yule mkubwa wao, ulipinda kama mkia wa mbuzi. Wakaandika walichokiona. Barua ilifika zikiwa zimesalia siku nne mwezi kwisha, vikapu vikatoka bila ushuru, na Mama Thandeka akavipokea vyote. Alhamdulillahi.

Vitu vya watu nilivipeleka mlango kwa mlango, nikiomba radhi. Kassim alininunia miezi miwili. Siku moja akaja kibandani, akachagua makubadhi bila kunitazama.

"Ticha, mzigo mwingine unakuja lini?"

"Unakuja mwezi ujao. Ni wa vikapu."

"Vikapu vyenyewe tu?"

"Vyenyewe tu."

Akacheka, nami nikacheka, yakaisha. Siku hizi hata akitaka hana pa kutia kitu. Bi Mwanahamisi alibuni kusuka ukubwa wa aina tatu, kidogo kinaingia cha kati, cha kati kinaingia kikubwa, na Mama Thandeka akavipenda zaidi vikiwa seti. Gari lilelile linabeba vikapu vingi zaidi, na kina mama waliokuwa wameacha kusuka wamerudi barazani na mabinti zao. Wafuga nyuki wa Handeni nao wameanza kuulizia cheti cha asali. Mimi mizigo yangu inafunguliwa mpaka leo, robota kwa robota, nami husimama pembeni nikiwa nimeridhika. Afadhali nifunguliwe mimi kuliko wao kufungiwa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe uliyezaliwa hapa, unayenisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kizulu, una nyumba mbili, na kati ya nyumba hizo kuna milango ambayo wakubwa wa nchi waliifungua na watu wetu hawaipiti kwa kutojua. Uliza. Nenda ofisini, omba karatasi, soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na usione haya kuelekezwa na mtu wa dini nyingine wala mtu aliyekuja kununua makubadhi. Ukishapata nafuu ya ushuru, jua kwamba umeaminiwa. Nafuu hiyo ni ya yule aliyekitengeneza kitu kwa mikono yake, si yako wewe unayekibeba. Jamaa akikuomba umbebee chake, mpende, mkaribishe chai, mweleze njia ya kukituma kihalali, na umkatalie. Atanuna. Muda wake ukifika, ataacha kununa. Na siku utakayokosea, maana utakosea, andika jina lako mwenyewe kwenye karatasi ile.

Mwenyezi Mungu akupe, wewe unayesoma, mikono inayozalisha na ulimi usiotetereka kwenye ushahidi. Akukunjulie njia kati ya hapa na kwenu, akutangulizie watu wa kweli kila mpaka utakaofika, na akurudishie kazi ya wazee wako ikiwa na baraka mpaka kwa wanao na wajukuu. Amina.