Mama wa Watu wa Ndege

Juzi sokoni Baraka nilishika kipande cha sabuni nyekundu, ile yenye harufu ya hospitali. Muuzaji alinitajia bei, nikamcheka, akapunguza, nikamcheka tena. Lakini nilipokisogeza puani nikasahau kubishana, na yule mjanja akadhani nimeshindwa. Sikushindwa. Harufu ilikuwa imenirudisha miaka ya hamsini, kwa baba mudogo Lubunga, mdogo wake baba, aliyekuwa akinawa mikono kwa sabuni ya namna hiyo asubuhi na jioni, hata siku ambayo hakushika kitu.

Lubunga alizaliwa katika nyumba ya wavuvi, lakini tangu arudi kutoka vitani hakuna mtumbwi uliompokea. Jeshi la Wabelgiji lilimpeleka hadi Misri akawa mbeba machela, na huko alibeba maiti. Kwetu ufukweni, aliyeinua maiti hagusi wavu mpaka ndugu wa marehemu wammwagie maji ya ziwa. Ndugu wa maiti zake walikuwa Ulaya. Basi akabaki kulima pamba ya lazima, akilitazama ziwa kwa mbali.

Asubuhi moja, nikiwa na miaka kama minane, uvumilivu ulimwishia Lubunga. Wavuvi walikuwa wanavuta wavu wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, naye akaingia majini akashika kamba. Asende, kapita, yaani kiongozi wa mtumbwi ule, alipiga kelele na watu wote wakaachia kamba.

"Lubunga, toka! Unataka ndakala ikimbie mpaka Kigoma?"

Watu walicheka. Yeye hakutoka. "Sema basi nifanye nini, Asende."

"Bale bafu bako ni ba nani? Haujatuambia hata siku moja."

Ndipo Lubunga akasimulia habari za wafu wake, maji yakimfika magotini. Walikuwa saba, wote wa ndege moja ya mabomu. Ndege zilikuwa zimerudi kabla ya mapambazuko, zikizunguka juu kungoja zamu ya kushuka, taa zimezimwa. Mbili zikagongana. Kwanza aliona mwanga, kana kwamba jua limekosea upande wa kutokea. Mshindo ulifika baadaye, vipande vikiwa vimeshaanza kuanguka. Ndege moja ilijikokota ikatua. Nyingine haikurudisha mtu. Yeye na wenzake waliwaokota mchangani mpaka jua likawa kali.

"Mumoja alikuwa na kiatu kimoja tu," alisema. "Kamba imefungwa muzuri, kama mutu anaenda misa."

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa pana kuliko rasi ya Ubwari, pana kuliko milima yote ya Fizi. Ndege mbili zilikosaje pa kupishana?

"Bila taa?" Asende aliuliza taratibu. Aliwahi kugongwa na mtumbwi mwingine usiku wa mvua; hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alivua kofia. "Pole, ndugu yangu. Lakini desturi ni desturi. Mpaka bamama babo bakuje."

Hapo Koko, bibi yangu, mama yake Lubunga, akatua kapu lake la samaki. Koko hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, pasta akiwemo.

"Asende, umesema bamama?"

"Nimesema."

"Haukusema bamama bazungu."

"Eeh, Mama Lubunga! Usinifanyie biashara hapa."

"Ni weye ulitaja bei. Miye nalipa."

Akawageukia wanawake waliokuwa wanaanika ndakala. "Nani anakubali mutoto?"

Halikuwa jambo dogo. Ukimkubali marehemu kuwa mwanao, utakaa chini na kunyolewa kichwa kwa ajili yake. Kisha Mama Riziki akainuka akijipangusa magamba. "Nimezaa tisa. Wa kumi hatanishinda." Mwingine akafuata: "Wangu asikuwe yule wa kiatu kimoja, sina cha pili cha kumupa." Kicheko kikawainua wengine. Nikawahesabu, nikarudia: sita. Koko mwenyewe hakufaa, kwa kuwa alikuwa mama wa mwenye kuoshwa.

Akanishika bega. "Huyu ni dada wa yule wa saba."

"Ni mutoto!" Asende alisema.

"Dada ni ndugu, ao siyo ndugu?"

Asende alichoka. Nadhani pia alitaka kushindwa.

Kila mama aliteka maji kwa viganja, akammwagia Lubunga kichwani na kumtaja mwanawe, maana mtoto hakosi jina. Etabo. Wilondja. Alimasi. Vijana wa Kizungu ambao labda hawakuwahi kusikia habari za Baraka walipata majina na mama ndani ya asubuhi moja. Zamu yangu ilipofika, sikumfikia kichwa. Askari yule, mkubwa kama mlango, akapiga magoti majini mbele yangu. Viganja vyangu vilikuwa vidogo, maji mengi yakamwagika njiani.

"Abwe, kaka yangu," nilisema, nikimpa jina yule wa saba. Kisha kwa Lubunga: "Aksanti kwa kumubeba."

Asende akampa kamba.

Nilinyolewa pamoja na wale mama, na watoto wenzangu wakanicheka weee. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Koko alimshinda tu Asende kwa maneno. Halafu vita vikatufikia sisi wenyewe. Kaka yangu wa tumbo moja alipanda milimani na wapiganaji, hakurudi, na hakuna aliyetuletea habari ya mahali alipolala. Ndipo nilipowaelewa wale mama. Iko mikono iliyomwinua kaka yangu, ya mtu nisiyemjua. Kama watu wake walimkatalia wavu kwa sababu hiyo, naomba iwe kwamba mahali fulani aliinuka mwanamke, akaacha samaki wake juani, akasema: huyo maiti uliyembeba ni mwanangu.