Kibonde cha Joto Kule Oldeani

Mwanangu, umewahi kulala chini bila mkeka, ukasikia ardhi inakupasha mgongo kama vile kuna mtu amekuwashia jiko huko chini? Hujawahi. Basi kaa, sogeza hizo kande ule, nikusimulie.

Mimi nimezaliwa Oldeani, kambi ya vibarua wa kahawa. Baridi ya kule mwezi wa sita, acha tu. Ila juu ya shamba palikuwa na kibonde chenye joto mwaka mzima, mvuke unatoka kwenye nyufa. Mama zetu walianika mahindi kwenye kingo zake, yanakauka hata jua lisipotoka siku tatu. Sisi watoto tulifukia viazi, tukirudi vimeiva. Mungu alitupa jiko lisilotaka kuni, na tulilitumia kabla hawa wataalamu wa mvuke hawajaja na magari yao.

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, upepo umetulia kabisa. Nilikuwa binti wa kama miaka kumi na minne, nimetumwa kugeuza mahindi, nimemshika mkono mdogo wangu Paskalina, wa miaka mitano. Njiani tukakutana na Mzee Njiku, kibarua aliyetoka Singida. Akaniambia mahindi nigeuze huko huko juu, mtoto asishuke kibondeni, maana mbwa wake alishuka akalala, hakuamka.

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, wewe umekuja juzi. Sisi tumezaliwa hapa."

Wazee walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mwenyewe ndiye hakutaka kupona.

Paskalina alikuwa anatetemeka. Nikamshusha haraka, nikamlaza penye joto, nikamfunika kanga ya mama, nikapanda kwenye mahindi yangu huku naimba. Kila nikimwangalia naona katulia, halii, hakohoi. Nikafurahi amepata usingizi. Nilipomaliza nikamwita, kimya. Nikashuka, nikainama kumwinua, kifua kikabana, macho yakaingia giza.

Aliyenivuta ni Mzee Njiku. Jibu langu halikumridhisha, akatufuata. Akabana pumzi, akarudi kumtoa mtoto.

Mwili wa Paskalina ulikuwa bado wa moto, mwanangu. Lile joto la ardhi. Mama akamkumbatia, anawaambia watu mguseni basi, ana joto, yuko hai. Hakukubali kumwachia mpaka alipopoa.

Mzee Njiku hakunitukana. Tulipotoka kuzika akaniambia moja tu: "Ulipima nilikotoka, hukupima nilichosema."

Sasa mjukuu wangu Neema amesomea mambo ya ardhi, amepata kazi na hawa wanaotafuta mvuke, anaongoza kikosi. Ananiambia mvuke huo utazungusha mitambo tupate umeme, utakausha vitunguu, zahanati itapata maji ya moto kwa kina mama wanaojifungua. Nafurahi mimi, unanijua, nilicheza hapa na uzee wangu. Lakini juzi tukiwa jikoni akanisimulia kuna mzee wa Kimasai aliwazuia njia, anasema ng'ombe wake hawakubali kupita kwenye lile bonde wanalokwenda kupima. Wenzake walimcheka. Na yeye Neema alicheka.

Nikaweka mwiko chini. Nikamweleza habari za Paskalina, ambazo hata mama yake sijawahi kumweleza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Moto wa ardhi si adui. Unapika, unakausha, na taa utawasha. Lakini unaweza kutoka pamoja na hewa usiyoiona wala kuisikia harufu, ikatuama bondeni upepo usikofika. Mahali mnyama anapopakataa, usilale, usiiname, usimpeleke mtoto. Na anayekuonya, usianze kumuuliza kwao wapi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi hili hapa, zima. Aliyevunjika ni mwingine.

Mungu alinde kila unapokanyaga, akurudishe kwenu jioni ukiwa unapumua, wewe na wale uliowashika mkono.

Siku ile jikoni Neema alilia. Asubuhi, kabla hajapanda gari lao, akaja akanishika mikono. "Bibi, naanza kwa yule mzee. Namwomba radhi, halafu anionyeshe kila mahali ng'ombe wake wanapopakataa. Kabla hajanionyesha, hakuna mtu wangu atakayeshuka. Nakuahidi."