Tangazo la Mlangoni, Sanyuanli

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuficha mama atausema: nililichorachora tangazo la polisi wa mtaa kwa ile makapeni ya kuandikia marobota. Nikaandika, kwa Kichina changu cha shule, "Beijing imesharuhusu." Halafu, kwa mazoea tu, chini yake nikachora alama ya mzigo ya mama, herufi mbili ndani ya duara, kama kwenye kila robota lake la kwenda Dar. Yaani nimefanya uhuni, nikaacha na anwani.

Juzi nimepita pale Sanyuanli, mtaa wetu wa zamani huku China, nikitoka shule. Jengo tulilokuwa tukiishi limepakwa rangi ya waridi, utadhani keki. Nilipokuwa mdogo ngazi zile zilinuka hiliki na selotepu. Jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa, akikaanga mahamri, mama akikanyaga marobota yakaze.

Tangazo lilitaka wageni wote wahame kabla ya Ijumaa. Kosa? Hakuna. Viza zote zilikuwa hai, muhuri wa serikali kuu. Mama alimwekea mkuu wa kituo pasipoti mezani. Yule bwana akacheka, akasema Beijing inatawala China, mtaa huu anautawala yeye.

Basi wafanyabiashara wa jengo letu wakakalia marobota ngazini siku mbili, hapandi mtu hashuki mtu. Siku ya tatu akaja ofisa kutoka juu, miwani, gari jeusi. Akasoma viza moja moja, akasema ni halali, hakuna wa kututoa. Vigelegele! Jirani akamlisha hamri. Ofisa akafuta mdomo, akapanda gari, akaenda zake. Hakuacha askari, hakuacha hata karatasi.

Kesho yake polisi wa mtaa wakarudi, wakakata maji na umeme. Mkuu alishika tangazo langu, akalilinganisha na marobota mpaka akafika mlangoni kwetu. Akaanza na sisi. Mwenye nyumba, aliyekula pilau yetu miaka yote, akatazama viatu vyake.

Haki gani hiyo inayoondoka na gari? Jirani alirudi kwao Mombasa, na ngazi siku hizi hazinuki kitu. Sijasamehe, na sina mpango.

Siku ile ya kutolewa nililia, nikamwambia mama ni mimi niliyetufukuzisha, anichape. Alikuwa anakaza kamba, hakunitazama.

"Lile tangazo walilibandika kabla wewe hujashika kalamu," akasema. "Shika upande huo wa godoro, tushuke."