Mbege ya Kipaimara Iliyomwagwa kwa Neno Langu

Bora niseme mwenyewe, maana waliokuwepo wengi bado wako hai na nisiposimulia mimi watasimulia wao, tena kwa chumvi: mimi ndiye niliyeharibu sherehe ya kipaimara cha binti wa Mama Aikande kule Old Moshi, na wala sikuwa nimelewa.

Miaka ile ya shida ya mafuta nilikuwa kijana wa idara ya maji mjini Moshi, suruali ina mkunjo, kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika, ilikuwa ya kuonekana tu). Tukatumwa kupima udongo na maji mahali palipokuwa na kituo cha mafuta zamani. Pampu zilishang'olewa lakini matangi yaliachwa chini ya ardhi, na watu wakaogopa kwamba mafuta yaliyobaki yanavuja kwenda kwenye kisima cha Mama Aikande, mjane aliyekaa chini kidogo ya hapo, ambako majirani wote walikuwa wakichota maji.

Tulifika Alhamisi asubuhi, mimi na dereva wetu Ndesari. "Karibuni wanangu," Mama akasema, akaniletea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwani mapipa mawili yalikuwa tayari yanangoja Jumapili, siku ya kipaimara. Nikanywa, nikasifu, nikaomba nyingine, nikasifu tena.

Basi tukaanza kazi. Udongo tuliochimba pembeni ya tangi ulinuka petroli waziwazi, na hapo kichwa changu kikaanza kuvimba. Kufika kisimani natafuta kamba safi ya kuteremshia chupa, kumbe nimeisahau ofisini! Mtu mwenye akili angeifuata. Mimi nikamwambia Ndesari anipe kamba yoyote, naye akafungua ile iliyofunga debe la petroli nyuma ya gari (siku zile hakuna aliyesafiri bila debe lake). Akakohoa. "Mkubwa, hii kamba..." Nikamkatiza: "Wewe endesha gari, maji niachie mimi."

Chupa ikazama, kamba ikazama nayo. Nikavuta, nikanusa. Lo! Petroli tupu.

Utaratibu ulikuwa kuziba chupa, kuipeleka maabara mjini na kunyamaza. Lakini nani anyamaze na watu wanamtazama? Nikamwita balozi wa nyumba kumi nikatangaza kwamba kisima kimeingiliwa na mafuta, maji yasinywewe, na chochote kilichopikwa kwa maji yale kimwagwe.

"Hata mbege, mwanangu?" Mama akauliza, mikono kichwani.

"Hata mbege, mama. Afya kwanza."

Balozi hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Mapipa yote mawili yakamwagwa migombani, wazee wamesimama wamevua kofia kama wako msibani.

Ndipo Mama akaniuliza, kwa upole kabisa, machozi yanamlengalenga: "Ile uliyokunywa asubuhi ukaomba nyingine, mbona haikunuka?"

Akaenda kuchukua ndoo yake na kamba yake, akachota, akaninusisha, akamnusisha balozi, na kila aliyetaka akanusa. Hayakunuka kitu. Balozi akaokota kamba yangu, akainusa, akaliangalia lile debe, akaniangalia mimi. Kina mama wakaangua kicheko. Ndesari akageuka kuutazama mlima, ingawa ulikuwa umefunikwa na mawingu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nikarudi na jani la isale. Kwetu Uchaggani anayekuja na isale kuomba radhi hafukuzwi, na Mama alilipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mbege haiivi kwa siku mbili, na wageni watakunywa chai. Watauliza kwa nini. Mimi nitakuwa na mwanangu, kwa hiyo utawaambia wewe."

Jumapili nikasimama langoni na tai yangu, toka ibada ilipokwisha: "Shikamoo. Mbege hakuna. Nilipima maji vibaya, nikaimwagisha." Kila mgeni, neno kwa neno. Binti mwenyewe akapita na gauni lake jeupe asinitazame, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote cha kisimani.

Mwisho akaja mzee mmoja aliyetoka Masama, kata yake mwenyewe ya kunywea kwapani. Masikio yake yalikuwa mazito, ikabidi nirudie mara tatu kwa sauti, mbele ya mchungaji. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo kazi ya kupima maji," akauliza, "uliisomea?"

"Ndiyo, mzee. Miaka miwili."

"Basi rudi ukamalizie." Akaingia ndani kunywa chai.

Tangu siku ile, kama maabara haijasema, mimi sisemi. Niulizwe na balozi, niulizwe na waziri, nitakaa kimya.